Roketi ya Bomba

Barua niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na kichwa chake nikakipigia mstari kama tulivyofundishwa: YAH: OMBI LA KIBALI CHA KURUSHA ROKETI YA BOMBA. Ukinipa leo karatasi ile naitafuna. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia, nimezaliwa na kukulia Ngara hii hii ya mpakani, iliyopokea wakimbizi wa vita, ambako neno roketi halijawahi kuwa la mchezo, naandika kitu kama hicho na kukipeleka ofisini kwa miguu yangu! Lakini ngoja. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nimelikubali. Ya wenzangu nayo nitayasema, na atakayekasirika akasirike.

Kata yetu sitaitaja. Ni ya wakulima, migomba na maharage, na siku isiyo na ukungu ukisimama kwenye uwanja wa shule unaviona vilima vya Burundi. Wanafunzi wetu wana wajomba Bukiriro, wana mashangazi Bugarama, wana na ndugu upande wa pili wa mpaka ambao hawajawahi kuwaona. Maabara tunayo, ila vifaa vyake ni vya kuhesabu kwa vidole, na mizani yetu ya vijiwe naifungia kabatini kwa ufunguo ninaotembea nao shingoni.

Basi mwaka juzi mwenzangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anafanya kazi nje ya nchi, alikuja likizo akaniletea boksi. Ndani kulikuwa na roketi ya kuunga. Nasema ya kuunga kwa sababu ilikuja vipande vipande: mabomba ya karatasi ngumu, chupa nene ya plastiki ya kukaa tumboni, pua ya plastiki, mapezi manne ya ubao mwepesi, mwavuli wa nailoni wa kuishushia, na karatasi za kubandika zenye herufi na miraba myeusi na myeupe. Ilikuwa mfano wa roketi kubwa ya kweli, yote imepunguzwa kwa kipimo kimoja, hata ngazi ya mafundi iliyochorwa ubavuni.

Na ilikuwa ya maji! Hili nataka lieleweke mapema. Unatia maji kidogo kwenye chupa, unaziba kwa kizibo chenye vali, unapiga bomba la baiskeli mpaka hewa ijae, unavuta kamba. Maji yanachomoka kwa nyuma, chombo kinapaa. Hakuna baruti, hakuna moto, hakuna hata kiberiti. Mwenzangu aliniambia zile za baruti haziruhusiwi kupanda ndege, ndiyo maana akachagua hii.

Niliipeleka darasani nikaiweka mezani. Kidato cha tatu wote walitaka kujua itaruka lini. Binti mmoja tu ndiye aliyetaka kujua kwa nini mapezi ni manne na si matatu. Alikuwa mtoto mkimya, wa kukaa dirishani, daftari zake zimefungwa magazeti kwa usafi wa ajabu. Nikamwambia akae baada ya vipindi. Alikaa siku hiyo, akakaa na wiki tano zilizofuata.

Jamani, yule mtoto alikuwa na mkono! Pezi moja lilikuwa limevunjika njiani. Mimi nilikwisha kukata tamaa, nikasema tutaliunga kwa selotepu liende hivyo hivyo. Akaniangalia kama nimetukana. Kesho yake alikuja na jalada la kaunta buku, akakata vipande viwili kwa wembe, akavibandika pamoja, akavipiga msasa siku mbili, kisha akaniomba ufunguo wa kabati. Alilipima pezi lake kwenye mizani, akalipunguza, akalipima tena, mpaka likawa na uzito sawasawa na yale matatu ya kiwandani. Halafu akaifunga roketi nzima katikati kwa kamba ya katani, akaizungusha juu ya kichwa chake pale uwanjani ili aone kama inatangulia pua au inayumba mkia. Iliyumba. Akaongeza udongo wa mfinyanzi ndani ya pua, kidogo kidogo, akazungusha tena. Mara ya nne ilitangulia pua bila kutikisika. Maelezo ya jambo hilo yalikuwemo kwenye kijitabu, ila mimi niliyaruka. Yeye hakuruka hata mstari.

Katikati ya kazi hiyo baba yake alikuja shuleni. Mkulima, rika langu, mtu wa Kirundi kwa asili. Wazazi wake ndio waliovuka mpaka zamani zile wakikimbia vita, yeye amekulia hapa, na uraia wameuomba wakapewa. Alisimama mlangoni mwa maabara ameshika kofia.

"Mwarimu, nimesikia mtoto wangu anatengeneza roketi."

"Ndiyo. Karibu uione."

Hakuingia. "Sisi roketi tunazijua, mwarimu. Zilitufukuza. Wewe unampa mtoto roketi?"

Sikucheka. Mtu aliyewahi kuiona kambi ya Benaco ilivyojaa wakimbizi hawezi kucheka neno lile, na mimi niliiona nikiwa msichana. Nilimshika mkono nikamwingiza, binti akamwonyesha chupa, akamwonyesha vali, akamweleza kwa Kirundi taratibu kabisa. Yule baba akaipapasa karatasi, akainusa, akauliza, "Maji tu?" Maji tu. Kesho yake alituletea bomba la baiskeli yake mwenyewe, ile anayobebea ndizi, kwa sababu la shule lilikuwa limekufa ngozi. Akaniita pembeni.

"Mwarimu, naomba kitu kimoja. Wakiandika, waandike jina rake. Jina rote, na ra ukoo. Sisi karatasi ndiyo nyumba yetu."

Nikamwambia hilo halina hata haja ya kuomba. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Kilichokuwa kinangojewa kuandikwa ni hiki. Palikuwa na maonyesho ya sayansi ya shule za jirani, na ambao kazi yao ingefanya vizuri wangekwenda Bukoba, jina kwenye orodha yenye mhuri. Kila shule mwanafunzi mmoja, kazi moja. Ila kitu chochote cha kurushwa hewani kilitaka kibali, ndipo nikaandika ile barua yangu tukufu.

Tuliitwa kwenye ofisi ya serikali inayotoa vibali: mimi, Mkuu wa shule, na binti kwa kuwa ndiye mtengenezaji. Aliyekuwa akishughulikia jambo letu alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, viatu vinang'aa. Hata shikamoo hakunipa, na mvi zangu zinaonekana kutoka barabarani. Aliisoma barua kwa sauti.

"Kurusha roketi ya bomu."

"Bomba," nikasema.

"Hapa nasoma bomu."

"Soma tena, mwanangu. Bomba. La baiskeli. La kujazia upepo."

Akasoma tena, midomo ikicheza. Mkuu wetu akakohoa. Nilidhani sasa mambo yamekwisha, kwa sababu bomba nililibeba mkononi, nikaliweka juu ya meza yake likamwaga grisi kidogo kwenye faili. Lakini alikuwa ameshakunja uso, na uso ukishakunjwa mbele ya watu hutafuta sababu ya kubaki hivyo. Akaeleza kuwa sisi ni watu wa mpakani, kwamba lazima tufuate shelia, kwamba kibari hakitoki hivi hivi. Shelia! Kibari! Nilimsikia vizuri kabisa. Kwetu huku ni kawaida, ndivyo ndimi zetu zilivyo, Wahangaza, Wasubi, Warundi, sote l na r zinabadilishana viti. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kisha akamgeukia binti. Akaangalia jina lake kwenye karatasi, lile la ukoo, akalitamka polepole.

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Hapa wapi? Asili."

Binti akataja kijiji chao. Yule kijana akatabasamu.

"Hebu sema roketi."

Mtoto akaikumbatia roketi yake.

"Sema tu. Si umeitengeneza? Sema, roketi."

"Loketi," akasema binti.

Basi alicheka! Alicheka mpaka akaegemea kiti, akamtazama Mkuu ili wacheke pamoja. "Mmesikia? Loketi! Ndiyo maana nauliza asili." Nyani haoni kundule! Mtu aliyetoka kusema shelia dakika ile ile, mate hayajakauka!

Na mimi? Nitasema, kwa sababu nimeahidi kusema. Nilikaa kimya. Ulimi wangu nao ni ule ule. Nikichoka au nikikasirika nasema loketi bila kujijua, na mama yangu mzazi alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa pili wa mpaka. Niliogopa nikifungua mdomo kwa hasira neno litatoka limepinda, naye ataniuliza na mimi asili. Mwalimu wa miaka ishirini na mbili kazini. Nikaangalia faili lenye grisi.

Uamuzi ukatoka. Roketi iruhusiwe, ila irushwe na mwanafunzi mwingine, na anayeandikwa awe huyo mwingine, "mwenye asili isiyo na maswali." Akapendekeza dada mkuu wa shule, ambaye baba yake anamfahamu. Nilitegemea Mkuu aseme neno. Mkuu akasema, "Hakuna tatizo, mheshimiwa." Tulipokuwa njiani kurudi akanieleza kwa upole, kama anamweleza mgonjwa, "Madam, mwenye nguvu mpishe. Shule itapata sifa, si ndiyo shabaha?" Nikamjibu kuwa shabaha haikuwa hiyo. Hilo nilimjibu barabarani, ambako halikumgharimu mtu kitu.

Binti alitembea mbele yetu, roketi ameikumbatia, hakugeuka.

Siku ya maonyesho tuliweka stendi yetu uwanjani mbele ya meza kuu. Dada mkuu hakuwa na kosa, maskini. Msichana mzuri, mwenye adabu, ila roketi ile aliishika mara ya kwanza siku mbili kabla. Binti alikuwa amemfundisha: maji theluthi moja, hewa theluthi mbili. Alimwekea na alama ya kalamu kwenye kopo la kupimia. Lakini yule kijana wa viatu akaondoka meza kuu, akaja kusimama juu yake kama msimamizi wa ujenzi.

"Jaza! Mbona unatia kidogo? Jaza iende juu!"

Dada mkuu akaniangalia. Nikatikisa kichwa, usijaze. Akamwangalia yeye. Nani angeshinda hapo? Akajaza mpaka shingoni. Akapiga bomba mara tatu tu, likagoma, kwa sababu hewa haikuwa na pa kukaa. "Vuta!" akaamriwa. Akavuta kamba. Roketi ikaruka kimo cha mbuzi, ikatapika maji yote, ikaanguka ubavu. Kitambaa cha meza kuu kikalowa, na soda ya mgeni rasmi ikaingia matope.

Watu walicheka, na mimi ningecheka kama moyo wangu usingekuwa unaniuma. Mgeni rasmi, mama mmoja mtu mzima aliyestaafu ualimu, akapangusa miwani yake akauliza, "Nani aliyelitengeneza dude hili?" Mkuu akaangalia mbingu. Dada mkuu ndiye aliyejibu. Alinyoosha kidole nyuma kabisa, kwenye mstari wa wanafunzi wetu, akasema, "Yule pale."

Binti akaja. Hakukimbia wala hakujivuta. Aliiokota roketi, akakagua mapezi moja moja, la kaunta buku lilikuwa limelowa kidogo akalifuta kwa sketi yake. Akamwaga maji yote, akapima upya kwenye alama, akatia, akaziba. Akapiga bomba la baba yake, na sisi wote tukamsikia akihesabu chini chini. Yule kijana alikuwa bado amesimama pale. Binti akamwambia, "Naomba usogee, utalowa." Akasogea! Lo, alisogea hatua nne.

Akavuta kamba.

Nimefundisha kanuni ile ya kitendo na kinyume chake tangu nianze kazi, nimeiandika ubaoni sijui mara ngapi, na siku ile ndiyo nilipoiona. Ilikwenda juu imenyooka, mkia wa maji unang'aa nyuma yake, ikapita miti ya mkalitusi, ikasimama kidogo huko juu, kisha mwavuli ukafunguka. Watoto wa shule tano walipiga kelele nikadhani uwanja unapasuka. Ikashuka taratibu ikaangukia kwenye shamba la maharage la jirani, na nusu ya watoto wakaingia humo, maharage ya watu yakakoma. Mgeni rasmi alisimama akapiga makofi. Tukatangazwa kwenda Bukoba. Tulikumbatiana, mimi na yule mtoto, nikaamini kabisa kwamba sasa hakuna wa kulificha jina lake, watu wote wameona.

Mjinga mimi.

Jumatatu orodha ilikuwa mezani kwa Mkuu, imekwisha kupigwa chapa, na jina lililoandikwa ni la dada mkuu. "Kibali kilitolewa kwa sharti," akasema Mkuu. "Tukivunja sharti, mwakani hatupati kibali cha hata kurusha tiara." Siku hiyo sikunyamaza. Nilipiga kelele mpaka walimu wakatoka ofisini kwao. Nikamwambia ni mwoga, nikamwambia anamuuza mtoto wa watu kwa ajili ya mhuri, nikachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia nikalikata jina la dada mkuu, nikaandika la binti, yote matatu, na la ukoo kwa herufi kubwa. Roketi nikasema kwa nguvu zangu zote, na sijui nilisema roketi au loketi, wala sikujali. Mkuu alingoja nimalize. Akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kapu la taka, na mchana ule ule ikapigwa chapa nyingine. Ilikwenda Bukoba bila mimi kuiona. Dada mkuu alikwenda analia kwenye gari, nimeambiwa, na alirudi na cheti chenye jina lake, ambacho hakuna aliyemwona akikionyesha.

Jumamosi ya wiki ile ile nilikwenda kwa akina binti. Niliona lazima. Baba yake akanitolea kiti nje, mke wake akaniletea juisi ya ndizi. Nikawaeleza yote. Nikamtukana yule kijana wa viatu, nikamtukana Mkuu, nikaeleza kalamu nyekundu, nikaeleza nilivyopiga kelele na nani na nani walinisikia. Nilizungumza muda mrefu, machozi yakanitoka, machozi ya hasira kweli kweli, sikuwa naigiza. Baba alikuwa anatikisa kichwa tu, anasema, "Pore, mwarimu. Pore." Yeye ndiye ananipa pole mimi!

Binti alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Nilipomaliza akauweka ungo chini.

"Asante, Madam," akasema. "Ila siku ile pale ofisini, aliponicheka, mimi sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa nakuangalia wewe."